Nani Anawapikia Askari?

Jumamosi iliyofuata mazishi ya shangazi, mimi na Neema tulibaki peke yetu katika ile nyumba ya ghorofa ya tatu pale Husby, pembeni mwa Stockholm, tukitafuta wenye sufuria. Wakati wa matanga kila mama wa kanisani alikuja na chakula chake, na sasa sufuria zilizosahauliwa, zikiwa zimeoshwa, zilikuwa zimepangwa kwenye sakafu ya jikoni kuanzia mlangoni hadi kwenye jiko. Neema, mtoto pekee wa shangazi, alikuwa amepiga magoti akibandika majina kwenye vifuniko. Akainua sufuria moja kubwa, ile ya kusongea ugali wa kanisa zima, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake alichokijenga ukubwani: "Tumaini, na hawa, nani anawapikia?" Nilicheka hadi nikakaa chini katikati ya sufuria. Halafu nikalia, kwa mara ya kwanza tangu hospitali walipotupigia simu. Siku zote za msiba nilikuwa nimegawa chai, nimepokea pole kwa lugha nne, nimewatafutia watu makoti yao, bila chozi hata moja, mpaka nikasikia kinamama wakinisifu kwamba nina moyo wa jiwe. Kumbe chozi lilikuwa linangoja swali la kijinga.

Swali hilo lina habari yake, na habari yake ni ya mwaka mmoja tu. Namna nilivyofika Sweden, nani alitangulia na nani alibaki, hayo nayaacha; kila familia ya kwetu inayo hadithi ya aina hiyo, na ukizisikiliza tatu mfululizo unaanza kupiga miayo. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma miezi minane nyuma, nalala chumba kimoja na binamu yangu Neema, na asubuhi naenda darasani pamoja na watu wazima wenzangu kutamka majina ya matunda kwa Kiswidi. Neema alikuwa anatimiza miaka kumi na minane. Alifika nchi hii akiwa amebebwa mgongoni, kwa hiyo Kiswidi kilikuwa chake na Kiswahili kilikuwa cha mama yake. Shangazi akimsemesha kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiswidi, na maisha yanakwenda. Mwanzoni nilidhani ni ukosefu wa adabu. Baadaye nikaona kwamba hawakuwa wamegombana, walikuwa wamezoea tu kuongea kila mmoja kutoka upande wake wa ua.

Mwezi wa kumi ikaja barua. Hapa vijana wote wakifika umri huo, wa kike na wa kiume, serikali huwauliza juu ya afya zao na nia zao, halafu huwaita baadhi yao kupimwa, na kati ya hao huchagua wa kwenda jeshini kwa karibu mwaka mzima. Neema alikuwa ameshajibu maswali hayo kwenye simu yake, kimyakimya, na kila mahali palipouliza kama anataka alijaza ndiyo. Sasa alikuwa anaitwa kwenye vipimo mwezi wa tatu. Aliiweka barua mezani tukiwa tunakula bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, akaeleza mambo yote kwa Kiswidi, mbiombio. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamaliza tonge lake, akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja. "Soda?" akauliza, maana kwao Uvira, Kongo, ndivyo wanavyomwita askari. "Mutoto wangu, soda?" Kisha akaenda chumbani kwake, na sombe ile, ambayo tuliifuata mpaka mtaa wa Rinkeby kwenye duka lenye foleni, ikapoa mezani.

Kisheria Neema hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Lakini siku mbili baadaye tulipokuwa kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya jengo, mashine zikinguruma, aliniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa binti aliyekuwa akisahihisha matamshi yangu kila asubuhi. Alisema hataondoka bila mkono wa mama yake kichwani. Siku ya vipimo watamuuliza kwa mara ya mwisho kama anataka kweli. Akisema hataki, watachukua mwingine anayetaka. Basi kama mpaka mwezi wa tatu hajapata radhi ya mama, atasema hataki, na hatalitaja tena jambo hilo nyumbani. Nilimuuliza anatafuta nini jeshini. Alifikiri sana, akipindua soksi. "Nataka kuwa yule anayefika," akasema kwa Kiswidi. "Watu wakiita, mtu lazima afike." Sikuelewa vizuri, lakini niliona macho yake, nikaelewa kwamba akikosa hili litamkaa kooni maisha yake yote.

Ningekuwa na akili ningeliacha jambo hilo kwa wenyewe. Lakini mimi ni mtu wa kusikiliza visivyonihusu, na nyumba za Husby zinamsaidia mtu wa tabia hiyo, kwa sababu tundu la hewa la bafuni linaleta maneno ya jikoni kama yalivyo. Siku moja alasiri nilikuwa nasugua viatu bafuni, na jikoni shangazi alikuwa anakunywa chai na Mama Josiane, jirani yetu Mrundi wa ghorofa ya pili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Mama Josiane alikuwa anamliwaza. "Dada, huku hakuna vita. Unaogopa atakufa na nini? Na baridi?"

"Kufa? Hapana," shangazi akasema. "Miye naogopa kitu ingine. Weye unakumbuka basoda bakikuya, sisi tunaingia mu migomba na batoto, tunabafunika midomo?"

"Nakumbuka. Nani atasahau?"

"Sasa siku moja mama mumoja, mahali fulani, ataona Neema wangu na ile nguo. Na atafunika mutoto wake mudomo." Kijiko kikagonga kikombe. "Njo ile naogopa."

Nilibaki nimeshika kiatu kimoja mkononi. Sisi tulikuwa tumejiandaa kumweleza shangazi kwamba jeshi la Sweden lina mabuti mazuri na madaktari wa meno. Hofu yake ilikuwa mahali pengine kabisa, na hofu ya namna ile huitoi kwa maelezo. Ndipo nikakumbuka katuni.

Neema alikuwa na mfululizo wa katuni za Kijapani alioupenda kupita kiasi, na nilikuwa nimeshauona kwa jicho la pembeni nikifanya kazi zangu za shule. Ukuta wa stesheni ya treni ya chini ya ardhi unapasuka siku ya kazi, watu wakiwa wamejaa, na nyuma yake kuna dunia nyingine: wafalme, wapanda farasi, wachawi wenye fimbo, majoka yanayopumua moto. Serikali inatuma jeshi lake upande wa pili, jeshi la siku hizi, lenye vifaru na helikopta na wahandisi wa kuchimba visima. Wanajenga kambi. Wanakutana na vijiji vinavyolikimbia joka, wanavisindikiza njiani. Niliona mara moja dawa ya shangazi. Hapa kuna askari ambao wanakijiji wanawakimbilia, hawawakimbii. Ila shangazi asingeweza kuyafuata yale maandishi ya Kiswidi yanayopita chini. Kiswidi cha kuongea alikuwa nacho, miaka mingi ya kuwalisha na kuwaogesha wazee wa watu ilimpa, lakini kusoma alisoma pole pole, kama mtu anayechambua mchele.

Hapo ndipo ujuzi wangu wa kambini ulipopata kazi. Kule kambini tulikuwa na kibanda cha video, mabati na turubai, na mbele, kando ya televisheni, alikaa mtafsiri na kipaza sauti. Filamu iwe ya Kichina au ya Kihindi, yeye aliileta kwa Kiswahili palepale, akiwapa waigizaji majina ya mtaani, akiwaonya kabla hawajapigwa, akinong'ona penzi likianza. Tulikuwa tunakwenda kumsikiliza yeye kuliko kutazama filamu. Kila mtu alijua kwamba anaongeza chumvi, na nusu ya lugha zile hakuzijua. Hilo halikuwa kosa, ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Nilikaa karibu naye utoto wangu wote, na mbinu zake nazijua hadi leo. Basi tukakubaliana: Neema akae kwenye zulia anisomee kwa Kiswidi cha kunong'ona, mimi nikae kwenye mkono wa kochi nitafsiri kwa sauti. Kwa shangazi tulisema ni njia yangu ya kujifunza Kiswidi. Hilo angalau lilikuwa nusu kweli.

Ikawa kila Jumamosi saa tisa mchana, shangazi akitoka zamu ya asubuhi. Sebule ile naiona mpaka sasa: kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, kochi la kahawia lililofunikwa vitambaa vya kufumwa, waya wa kompyuta ya Neema umepita chini ya zulia hadi kwenye televisheni, na kiti cha shangazi kando ya dirisha, juu ya joto la radieta. Jumamosi ilikuwa pia zamu yetu ya kufua, kwa hiyo shangazi alitazama akikunja nguo. Alizikunja kama walivyomfundisha kazini, pembe kwa pembe, na ukitaka kujua kama hadithi imemshika hukumtazama usoni, ulitazama mikono. Mama Josiane alipanda na bakuli la mandazi kuanzia wiki ya kwanza, eti amesikia kelele.

Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Yule sajini, mhusika mkuu wa hadithi, kijana mvivu mwenye miwani, nikamwita Bwana Miwani. Mchawi msichana nikamwita Binti Fimbo. Joka nikaliita Chefu, yaani mkubwa wa serikali kule kwetu, kwa sababu lilikula vya watu na kulala, na Mama Josiane alicheka mpaka akamwaga chai. Nisichokuwa nimekipangia ni maswali. Shangazi hakuuliza nani ataoana na nani. Ukuta ulipopasuka aliuliza nani atausafisha. Binti Fimbo alipoita radi kutoka mbinguni, shangazi akataka kujua amesoma miaka mingapi. Wakimbizi wa kijiji cha kwanza walipopita na mikokoteni, akainama mbele, akahesabu mizigo kwa kidole. "Bamoja hawakubeba chumvi," akasema. "Bale hawajakimbia hata mara moja mbele. Kitu ya kwanza ni chumvi." Na kila jeshi lilipotokea, liwe mlimani au jangwani, lilikuja swali lilelile.

"Nani anabapikia bale basoda?"

"Shangazi, hawaonyeshi. Hadithi ni ya vita."

"Mais banakula," akasema, na "mais" yake ilikuwa lakini ya Kifaransa. "Batu bengi vile. Kama hakuna mupishi, banakula ya nani?"

Mimi niliona ni vichekesho vya mama mtu mzima, nikajibu chochote. Nikasema wana mpishi mnene anaitwa Mzee Wali. Kuanzia hapo shangazi alimtafuta Mzee Wali kwenye kila picha, na nilianza kuonyesha kidole kwenye askari yeyote mwenye tumbo. Leo ninajua lilikuwa swali zito kuliko yote yaliyoulizwa sebuleni pale. Mtu aliyewahi kuona jeshi lisilo na sufuria likiingia kijijini anajua kuku wa nani watachinjwa.

Uongo wangu haukuanzia kwa Mzee Wali, ulinenepea tu pale. Ulianza sehemu ya tatu, katika kijiji ambamo askari wanaingia wanakuta milango wazi, moto bado unawaka jikoni, na hakuna mtu. Watu wamejificha kwenye mashimo ya nafaka. Neema alinisomea vizuri: wanawaogopa askari. Mimi nikasema kwa sauti ya kibanda cha video: "Wanakijiji wamemkimbia Chefu! Wanaomba: njooni, askari wetu, mtuokoe!" Neema aligeuka akanitazama. Nilimsikia tena shangazi jikoni akisema atafunika mutoto wake mudomo, na nikaona bora nilipite shimo lile haraka. Wiki iliyofuata nikageuza jambo jingine, na iliyofuata mawili. Kufikia mwezi wa kwanza jeshi langu lilikuwa kama kwaya. Na dawa ilikuwa inafanya kazi! Shangazi alianza kumwita yule sajini "Miwani wetu". Siku moja tukiwa kwenye jukwaa la stesheni ya Husby, ule mwamba mtupu umetuzunguka, alisimama akaugonga ukuta kwa kidole, akatabasamu peke yake. Nikamkonyeza Neema. Nilijiona mjanja kuliko waganga wote wa Stockholm.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho mwezi wa pili, kwenye sehemu ya kilima. Majeshi ya mfalme, maelfu, yamepanda na mikuki na bendera. Juu ya kilima kuna Wajapani na mizinga, na helikopta zinatokea nyuma ya jua. Neema alikuwa ameniomba tuiruke. Mimi nikasema nitaimudu. Mizinga ilipoanza nikapaza sauti: "Wanapiga hewani! Wanawatisha tu, waungwana hawa, warudi nyumbani kwa wake zao!" Mikono ya shangazi ikasimama. Alikuwa ameshika foronya, pembe mbili huku, pembe mbili kule, na hakuikunja. Kwenye kioo wapanda farasi walikuwa wanaanguka safu kwa safu. Ni katuni, damu yenyewe imechorwa, lakini aliyeichora alikuwa ameona kitu au amesimuliwa.

"Tumaini," shangazi akasema, taratibu sana.

"Naam, shangazi."

"Miye najua namna mutu anaanguka." Akaweka foronya juu ya rundo. "Akitishwa, anaanguka na mikono mbele. Bale hawakutishwa."

Mama Josiane alishusha andazi lake. Shangazi alimtazama Neema, akanitazama mimi, kisha ile barua iliyobanwa kwa sumaku kwenye jokofu, ambayo ilionekana kutoka kitini pake. Aliunganisha mwenyewe. "Donc, kumbe mulikuwa munaniuzisha basoda," akasema. "Mu nyumba yangu. Na mandazi." Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Aliondoa waya chini ya zulia, akauzungusha vizuri, akampa Neema, akabeba nguo zake chumbani.

Nisiseme mengi juu ya wiki ile. Chakula kilipikwa, kiliwekwa mezani, tukala. Shangazi aliniita kwa jina, akaniuliza habari za shule, na hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyonikata kama heshima ile. Nilikuwa nimemdanganya mtu kwa hofu yake mwenyewe niliyoiba tunduni. Na nilikuwa nimemharibia Neema: siku zilizobaki kabla ya vipimo zilikuwa chache, na sasa hata jina la jeshi halikuweza kutajwa. Neema hakunilaumu. Alisema tu, kwa Kiswidi, "Ungeniuliza mimi." Nilimjibu kwamba yeye Kiswahili hana. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, na nikatamani kuyala maneno yale.

Jumamosi, saa tisa, shangazi alikaa kitini na nguo zake mbele ya televisheni iliyozimwa. Neema akatoka chumbani na waya. Akaupitisha chini ya zulia, akawasha, akatafuta. Hakukaa kwenye zulia. Alivuta kigoda akakaa pembeni ya televisheni, akitutazama, mahali palepale alipokaa mtafsiri wetu kambini, na hakuna aliyemwambia kwamba ndipo mahali pake. Alirudi kwenye sehemu ya tatu, kile kijiji chenye milango wazi.

"Mama," akasema. "Mimi nasema. Kiswahili yangu ni... *alltså*, yaani, mbaya. Lakini mimi nasema kweli."

Shangazi hakuinuka.

"Hawa watu, hawaogopi joka. Joka iko mbali. Wanaogopa wao. Wanaogopa askari." Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Alikuwa anatafuta kila neno kama mtu anayetafuta funguo gizani, na alipolikosa alionyesha kwa mikono. "Huyu mama, iko ndani ya... chini, ya mahindi..."

"Shimo," shangazi akasema.

"Ndani ya shimo. Na mtoto. Anafunga mtoto mdomo."

Neema hakujua lolote juu ya mazungumzo ya jikoni. Sikuwa nimemwambia, niliona aibu kusema nimeyapata wapi. Alikuwa anasoma tu kilichochorwa. Niliona mikono ya shangazi ikishika shuka na kuliachia. Neema akaendelea. Bwana Miwani anaona mguu wa mtoto ukijitokeza kwenye majani. Wenzake wanataka kuwatoa. Yeye anawakataza, anavua kofia ya chuma, anaweka bunduki ndani ya gari, anarudi kukaa chini, hatua kumi kutoka kwenye shimo, na kwa sababu hajui afanye nini, anafungua mkebe wa chakula chake anaanza kula. Anakula pole pole. Kivuli kinahama. Niliikumbuka sehemu ile. Mimi niliijaza kwa wimbo na utani wangu. Kisha Neema akapeleka mbele mpaka kwenye kilima, na hapo hakuficha. "Hawapigi juu. Wanapiga watu. Wanakufa, mama, wengi. Na yeye, Miwani, iko palepale. Yeye ni mmoja wao. Baadaye hasemi kitu. Hapa hakuna maneno chini, ona. Kimya tu." Ilikuwa nusu saa nzima. Mama yake alikuwa hajawahi kumsikia akiongea Kiswahili dakika tatu mfululizo.

Televisheni ilipozimwa, shangazi aliuliza, na aliuliza akimtazama machoni. "Na weye? Siku mama mumoja akikuona na ile nguo, na akajificha na mutoto wake, weye utafanya nini?"

Nilijua majibu yote mazuri. Nilikuwa nayo ulimini, nikauma midomo. Neema hakuyatafuta. "Sijui, mama," akasema. "Kweli sijui."

Shangazi alitikisa kichwa juu chini, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu mwingine aliyemo chumbani. Akachukua shuka, akamrushia Neema ncha moja, wakalikunja pamoja, wakisogeleana na kuachana, pembe kwa pembe. Hakusema ndiyo siku ile. Lakini siku ya vipimo tuliamka tukakuta mkebe wa chakula umeshafungwa mezani, wali na maharage na ndakala, dagaa wa ziwani kwao, na juu yake kijiko; kwa Neema hiyo ilikuwa radhi ya kutosha. "Uwaulize nani anapika," akamwambia Neema mlangoni. Neema alirudi kesho yake jioni akasema amewauliza, na wamemwambia kuna jiko la magurudumu linalovutwa na gari, na kwamba amekubaliwa.

Aliondoka mwezi wa nane. Mama Josiane alipanda, nami nikashika begi. Shangazi alimpigisha Neema magoti pale kwenye zulia, akaweka mkono kichwani kwake, akachovya vidole kwenye kikombe cha maji, kikombe cha kabati la vioo kilichokuwa hakijawahi kuguswa, akampaka kwenye paji la uso kama walivyowafanyia wasafiri kwao. Nilitegemea sala ndefu; shangazi alikuwa mtu wa sala ndefu. Alisema maneno matatu tu. "Bakikuona, basijifiche. Amina." Neema akaitika amina, kwa sauti ya mtoto.

Miaka imepita, nimeshaanza kung'oa mvi, na Kiswidi changu sasa kinanilisha. Neema hakuacha jeshi baada ya mwaka ule. Kila alipokuja likizo alikaa kwenye kigoda kilekile akamsimulia mama yake, kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kikanyooka kwa maswali. Kiangazi kimoja msitu uliwaka huko kaskazini, na kikosi chake kilitumwa kuwatoa watu majumbani. Bibi mmoja, mgeni wa nchi hii kama sisi, alipoona sare alijifungia ndani, akazima taa, asijibu. Neema alimsimulia mama yake kwa simu, na simu ilikuwa mezani, nilisikia yote. Alisema alivua kofia, akakaa kwenye ngazi, akala mkate. Akakaa mpaka binti wa yule bibi alipofika na funguo. "Hakunifungulia, mama," akasema. "Nilikaa, na hakufungua."

"Lakini ulikaa," shangazi akamwambia. Kisha akauliza: "Huo mukate, nani alipika?"

Basi Jumamosi ile ya sufuria, tulipomaliza kubandika majina, Neema alileta kompyuta. Waya wenyewe tuliukuta kwenye droo ya shangazi, umezungushwa vizuri kama alivyouzungusha siku ile. Mimi nilikaa kwenye mkono wa kochi, yeye kwenye kigoda, na kiti cha dirishani tukakiacha. Alitafsiri sehemu ya tatu yote, taratibu, hana haja tena ya kutafuta maneno. Askari wakaingia kijijini. Wakashusha mizigo yao, wakafungua mikebe. Hapo Neema akanyamaza, kama alivyozoea kunyamaza kwa miaka yote hiyo, kuacha nafasi ya swali la mama yake. Tukangoja sote wawili. Radieta ikagonga. Nilipoona hawezi kuendelea, nikauliza mimi.